Kifyatulio na shabaha: kutoka bunduki za Salaita hadi bastola ya upepo

Kilima cha Salaita hakina urefu wa kumtisha mtu. Msafiri anayetoka Voi kwenda Taveta, akiisha kuzipita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, hukiona kimesimama peke yake katika nyika ya miiba, Mlima Kilimanjaro ukiwa nyuma yake. Hata hivyo, siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza yenye watu wapatao 6,000 yalikishambulia kilima hicho, yakashindwa, yakarudi kambini kabla jua halijatua. Wanaume wapatao 170 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na zaidi ya 130 kati yao walikuwa wa brigedi moja tu, ile iliyotoka Afrika Kusini.

Wenyeji hupenda kuwaambia watalii kwamba jina la Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo. Hadithi hiyo ni tamu, ila jina lilikuwa limekwisha kuandikwa katika amri za jeshi kabla risasi ya kwanza ya siku ile haijalia.

Vita hivyo huelezwa zaidi kwa habari za majenerali. Kwa mtu anayependa mchezo wa kulenga shabaha, vina upande mwingine wa kutazamwa: ni mahali ambapo waliokuwa na bunduki bora walishindwa na waliokuwa na bunduki nyingi za zamani. Mwenye bastola ya upepo ambaye anadhani kwamba kununua chombo cha bei kubwa ndiko kutakakomfikisha kwenye kitovu cha shabaha anaweza kujifunza mengi hapo, hasa kuhusu kile kipande kidogo cha chuma kinachoguswa na kidole, yaani kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga.

Silaha za pande mbili

Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, wakaifanya Salaita kuwa ngome ya mbele ya kuulinda mji huo. Waingereza nao walijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi. Reli hiyo ilifika Maktau katikati ya mwaka 1915, na Januari 1916 Mbuyuni ikarudi mikononi mwao. Kutoka hapo kilima kilikuwa karibu.

Kamanda wa mashambulizi alikuwa Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson. Alikuwa na brigedi ya Afrika Kusini chini ya Brigedia Jenerali Percival Beves, yenye batalioni za 5, 6 na 7, na brigedi nyingine iliyokuwamo kikosi cha Loyal North Lancashire, Warodesia, na Wabaluchi wa 130 wa jeshi la India. Upande wa pili Meja Georg Kraut alikuwa na watu wasiofika 1,500, wengi wao askari Waafrika wa Schutztruppe.

Bunduki ya Waingereza ilikuwa Lee-Enfield fupi. Chemba yake ilibeba risasi 10, na risasi yenyewe, yenye uzito wa gramu 11 hivi, ilitoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya mita 740 kwa sekunde. Baruti yake haikutoa moshi mwingi. Katika jeshi la kudumu la Uingereza askari alifundishwa kupiga risasi 15 zenye kulengwa katika dakika moja, shabaha ikiwa umbali wa yadi 300, na wapo waliozidi hapo.

Askari wa Kijerumani hawakuwa na usawa huo. Vita vilipoanza, kombania nyingi za Schutztruppe zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyobuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf, kusini mwa Ujerumani. Bunduki hiyo ilikuwa na kipenyo cha milimita 11, ikijazwa risasi moja moja, na baruti yake nyeusi ilifuka wingu la moshi lililomfichua mpigaji kila alipofyatua. Risasi yake nzito ya gramu 25 ilikwenda mita 430 hivi tu kwa sekunde, kwa hiyo iliinama mapema sana njiani. Kwa masafa marefu, mpigaji aliyekosea kukadiria umbali angeona risasi imegonga ardhi mbele ya mtu au imepita juu ya kichwa chake.

Silaha mpya ziliwafikia kidogo kidogo. Novemba 1914, baada ya Waingereza kushindwa Tanga, Wajerumani waliokota bunduki 455 na risasi laki kadhaa. Aprili 1915 meli ya Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Uingereza. Shehena yake ya bunduki za mwaka 1898 na mamilioni ya risasi iliopolewa majini, na risasi zilizolowa chumvi zikafunguliwa, zikaanikwa na kusafishwa. Nyingine hazikulia kabisa zilipofyatuliwa.

Hata bunduki mpya ya 1898 ilikuwa na kasoro ambayo mlenga shabaha yeyote wa leo angeilalamikia. Kilengeo chake cha nyuma kilianzia mita 400, wala hakikuweza kushushwa zaidi. Adui akiwa mita mia moja, askari aliyelenga kifua alipiga juu ya kifua. Ilimlazimu alenge chini, kwenye magoti au miguuni, na jambo hilo halifanyiki bila mazoezi ya muda mrefu, maana jicho la mtu mwenye hofu hukimbilia moja kwa moja kwa kile anachokiogopa.

Shabaha isiyokuwa na mtu

Asubuhi ile mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele cha Salaita kwa bidii. Mahandaki yalionekana wazi huko juu, na mabomu yaliyafukua vilivyo. Tatizo ni kwamba mahandaki hayo yalikuwa ya danganya toto. Mahandaki ya kweli yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa na vichaka vya miiba. Taarifa za upelelezi nazo zilikuwa zimehesabu adui wachache kuliko waliokuwapo.

Askari wa Afrika Kusini walisonga mbele kutoka upande wa kaskazini wakitazama juu. Moto wa rashasha na bunduki ukawatokea chini, mbele yao, kutoka mahali wasipopaona. Wakajibu, lakini kumjibu adui usiyemwona ni kuutawanya moto. Brigedi hiyo ilikuwa imeundwa mwishoni mwa mwaka 1915 na kushuka Mombasa Januari 1916, na wengi katika safu zake hawakuwa wamepata kupigana vitani. Kapteni Schulz alipofika na kikosi cha akiba cha Wajerumani na kuushambulia ubavu wao, safu ilivunjika.

Waliozuia mambo yasiharibike zaidi walikuwa Wabaluchi wa 130, ambao waliushikilia uwanja huku wenzao wakiondoka. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni kwamba Wabaluchi waliziokota rashasha zilizoachwa na watu wa Afrika Kusini, wakawarudishia kwa heshima zote pamoja na ombi la kwamba tangu siku hiyo wasiitwe tena makuli. Kabla ya hapo, wageni hao hawakuwa wamewaficha Wahindi na Waafrika dharau yao.

Itakuwa uongo kusema kwamba kifyatulio ndicho kilichoamua mambo Salaita. Yaliyoamua yalikuwa upelelezi mbovu, rashasha zilizofichwa vizuri, na wapiganaji wageni kutangulizwa mbele. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, aliyekuwa amepewa amri ya majeshi hayo, hakurudia kosa hilo. Alituma wapanda farasi wakizunguke kilima kwa upande wa Ziwa Chala, na tarehe 9 Machi 1916 Salaita ilikutwa imeachwa tupu.

Lakini ndani ya mambo hayo makubwa kuna jambo dogo lililomhusu kila askari mmoja mmoja aliyelala kifudifudi katika miiba ile. Je, risasi yake ilikwenda alikoiona kupitia vilengeo, au ilikwenda kwingine?

Kazi ya kifyatulio

Ndani ya bunduki au bastola mna springi iliyokazwa, na mna jino la chuma linaloizuia isiruke. Kazi yote ya kifyatulio ni kuliondoa jino hilo. Jambo hilo linaonekana rahisi mno, nalo ndilo lililowasumbua mafundi wa silaha kwa karne kadhaa, kwa sababu jino linatakiwa litimize mambo mawili yanayopingana. Silaha inapobebwa, ikigongwa au ikianguka, jino lishike imara. Mpigaji anapotaka, jino liachie kwa urahisi bila kuitikisa silaha.

Lee-Enfield na Mauser ya 1898 zilijibu fumbo hilo kwa njia moja: kifyatulio cha hatua mbili. Silaha inapobebwa, jino limeshika kwa kina kirefu. Kidole kikivuta hatua ya kwanza, ambayo ni nyepesi na ndefu, jino hutelezeshwa mpaka libakie karibu na ukingo. Hapo kidole hukutana na ukinzani, kama mtu anayefika mwisho wa ngazi gizani na kuhisi sakafu kwa unyayo. Hatua ya pili ni fupi na nzito zaidi, na mwisho wake ni mlio. Katika Lee-Enfield hatua ya kwanza ilihitaji nguvu ya kilo moja na nusu hivi, na ya pili kilo mbili na nusu au zaidi. Mafundi wa jeshi waliipima nguvu hiyo, maana kifyatulio kizito mno kilimnyima askari shabaha, na chepesi mno kilimuua mwenzake aliyetangulia njiani.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele cha Lee-Enfield mna nafasi ya nusu mita hivi. Kidole kikivuta kwa pupa na kukisogeza kilengeo cha mbele kwa milimita moja tu, shabaha iliyo umbali wa mita 300 hukoswa kwa sentimita 60. Huo ni zaidi ya upana wa mwili wa mtu.

Katika bastola mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu chombo ni kifupi na hakina kitako cha kuegemeza begani. Bastola ya upepo ya mashindano ina nafasi ya sentimita 35 hivi baina ya vilengeo. Milimita moja ya kosa kwenye kilengeo cha mbele huwa milimita 29 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 10. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, na kila duara linalofuata hupanuka kwa milimita 8 kila upande. Kwa hiyo milimita moja ya pupa humshusha mpigaji kutoka 10 hadi 7.

Kutoka Oberndorf tena

Si bahati nasibu kwamba vifyatulio bora vya bastola za upepo vilitoka mji uleule uliotoa bunduki za Mauser. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kiwanda cha Mauser cha Oberndorf kilivunjwa na Wafaransa waliokuwa wakiitawala sehemu hiyo ya Ujerumani. Wahandisi wawili waliokuwa wakifanya kazi humo, Karl Westinger na Ernst Altenburger, walianzisha karakana yao mwaka 1949, wakaipa jina la Feinwerkbau. Bastola yao ya modeli 65 ilitawala viwanja vya mashindano kwa miaka mingi. Kifyatulio chake kiliweza kuwekwa kwenye gramu 500 kwa mashindano ya bastola ya upepo, au gramu 1,360 kwa mazoezi ya bastola nyingine, kwa kugeuza kipande kimoja tu.

Bastola ya upepo ya mita 10 iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1988 huko Seoul, kwa wanaume na kwa wanawake. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo zinataka mtutu uwe wa milimita 4.5, bastola isizidi kilo moja na nusu, na kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 500. Mwamuzi hukitundikia kifyatulio jiwe la uzito huo, mtutu ukiwa umeelekezwa juu, kisha bastola huinuliwa. Jiwe likiinuka bila bastola kufyatuka, mambo ni sawa. Ikifyatuka kabla, mchezaji hurudi kwa fundi. Tangu mwaka 2018 wanawake nao hupiga mikupuo 60 kama wanaume, badala ya 40.

Bastola ya upepo ya bei nafuu ina kifyatulio cha namna nyingine kabisa. Mara nyingi huhitaji kilo mbili au tatu, ilhali bastola yenyewe ina uzito wa kilo moja na kitu. Nguvu ya kuvuta ikizidi uzito wa chombo, mkono hauna budi kukibana chombo kwa nguvu ili kisifuate kidole, na mkono unaobana hutetemeka. Hapo ndipo marekebisho madogo yanapofaa.

Marekebisho yanayowezekana

Jambo la kwanza ni kupima, kwa sababu fundi asiyepima hutengeneza kwa kubahatisha. Mizani ndogo ya springi, kama ile ya kuning'iniza inayotumiwa na wauza samaki, inatosha kabisa. Bastola huwekwa juu ya mto wa mchanga, ikaelekezwa kwenye sanduku la kuzuilia risasi, ndoano ya mizani ikatiwa katikati ya kifyatulio na kuvutwa taratibu kwenda nyuma. Upimaji urudiwe mara kumi. Kinachotafutwa kwanza si wepesi. Kifyatulio cha kilo moja na nusu kinachotoa jibu lile lile mara zote kumi ni bora kuliko cha gramu 800 ambacho leo ni 700 na kesho 1,100, kwa maana kidole hujifunza uzito kama mpishi anavyojifunza moto wa jiko lake.

Tahadhari moja iwekwe hapo hapo. Bastola ya springi na pistoni isifyatuliwe bila risasi ndani. Ile punje ndogo ya risasi huzuia hewa kidogo na kuilainishia pistoni mwisho wa safari yake. Isipokuwepo, pistoni hugonga ukuta kwa nguvu na kuharibika. Kwa hiyo upimaji wa bastola ya namna hiyo ufanywe ikiwa na risasi, mbele ya sanduku la chuma au la mchanga, na pasiwepo mtu upande ule.

Jambo la pili ni usafi. Bastola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na grisi nzito ya kuzuia kutu, nayo ikichanganyika na vumbi huwa kama ugali uliokauka. Katika nchi ya vumbi jekundu kama Voi na Taveta hali hiyo haichukui muda mrefu. Pini za kifyatulio na sehemu zinazosuguana zifutwe kwa kitambaa, kisha zipakwe grisi kidogo sana ya molibdeni, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Inashangaza ni mara ngapi kazi hii peke yake hupunguza uzito na kuondoa ule mkwaruzo ambao mpigaji huuhisi kama mchanga chini ya kidole. Mafuta mepesi ya kunyunyiza yasielekezwe kwenye chemba ya hewa. Yakipata joto la hewa iliyosongwa yanaweza kuwaka na kuiharibu mihuri.

Tatu ni skrubu. Bastola za daraja la kati na la juu huwa na skrubu mbili au tatu karibu na kifyatulio: moja ya uzito, moja ya urefu wa hatua ya kwanza, na nyingine ya kukisimamisha kifyatulio baada ya mlio. Kijitabu cha mtengenezaji kisomwe kabla bisibisi haijaguswa, na kila skrubu igeuzwe robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha upimaji urudiwe. Anayegeuza skrubu tatu kwa mpigo hatajua ni ipi iliyomsaidia na ipi iliyomponza. Kwa bastola ya springi, kilo moja hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Hakuna sababu ya kushuka chini ya gramu 500, hata nyumbani.

Ile skrubu ya kusimamisha hudharauliwa na wengi, nayo ina faida kubwa kuliko ya uzito. Jino likiisha kuachia, ukinzani hutoweka ghafla na kidole huruka nyuma kwa ile nguvu iliyobaki. Wakati huo punje ya risasi bado imo ndani ya mtutu. Katika bastola ya springi pistoni nzima iko mbioni na chombo kinatikisika kabla punje haijatoka. Kidole kikigonga ukomo kwa kishindo wakati huo huo, mtutu husogea. Skrubu ikikazwa mpaka kifyatulio kisimame mara tu baada ya mlio, mshtuko huo hupungua. Ikikazwa kupita kiasi, jino halitaachia kabisa au litakwaruzwa likitoka, hivyo ilegezwe kidogo kutoka pale inapozuia. Kwa bastola isiyo na skrubu hiyo, wapo wanaobandika kipande cha mpira nyuma ya kifyatulio. Sura yake si nzuri, lakini kinafanya kazi.

Kuna pia kiatu cha kifyatulio, yaani kipande cha chuma au plastiki chenye uso mpana kinachofungwa juu ya kifyatulio chembamba. Hakipunguzi hata gramu moja kwenye mizani. Hata hivyo kidole huhisi wepesi, kwa sababu nguvu ile ile imetawanywa juu ya ngozi pana zaidi. Kiatu hicho kisitokeze nje ya mlinzi wa kifyatulio, kisije kikanaswa na nguo.

Mahali pa kuweka tupa chini

Baada ya hapo huja kishawishi. Mtu hufungua bastola, huliona jino, huona lina mikwaruzo, na mkono wake humwasha kulisugua kwa msasa. Mafundi stadi hulifanya jambo hilo kwa jiwe laini sana, wakihifadhi pembe ya asili na bila kuzigusa kingo. Mtu wa kawaida asilifanye. Uso wa jino umegandishwa ugumu kwa moto kiwandani, na ugumu huo ni ngozi nyembamba tu. Ukiisha kuvuliwa, chuma laini cha chini hulika siku hadi siku, na pembe iliyopunguzwa kwa digrii chache hugeuka kuwa jino linaloachia lenyewe. Fundi hodari wa baiskeli si lazima awe fundi wa silaha, na ujasiri wake ndio unaoogopesha zaidi. Springi ya kifyatulio nayo isikatwe kwa koleo ili kupata wepesi, kwa kuwa ndiyo inayolirudisha jino mahali pake.

Baada ya rekebisho lolote lile, jaribio moja ni la lazima. Bastola ikazwe na kutiwa risasi, ielekezwe kwenye sanduku la kuzuilia, kisha igongwe kwa nyundo ya mpira kila upande, kidole kikiwa mbali. Kitasa cha usalama kifungwe na kufunguliwa mara kadhaa. Ikifyatuka hata mara moja, marekebisho yote yarudishwe yalivyokuwa. Punje ya milimita 4.5 huweza kulipofusha jicho kwa sekunde moja, na miwani ya kinga ni rahisi kuliko safari ya kwenda hospitali.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, ina masharti ya cheti, na anayefikiria kununua au kuingiza nchini bastola ya upepo hana budi kuuliza kwanza kwa Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, kabla hajalipa senti. Kwa watu wa Taita Taveta kuna jambo la ziada. Sehemu kubwa ya kaunti hiyo ni Hifadhi za Tsavo, na kuingia na silaha katika hifadhi bila kibali ni kosa. Kuzurura na bastola, hata ya upepo, katika vichaka vya mpakani ni kumwalika askari wa wanyamapori akuulize maswali magumu. Vivyo hivyo, maganda ya risasi ambayo bado hupatikana Salaita na Maktau yanahusiana na historia inayolindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006. Yaachwe yalipo, na lile linaloonekana kuwa zima lisiguswe kabisa, bali polisi waarifiwe.

Kidole chenyewe

Kifyatulio kikiwa safi, chenye uzito wa kuaminika na kisichoruka, kilichobaki ni mazoezi, na hayo hayahitaji fedha. Kifyatulio kiguswe na sehemu ya mbele ya kidole cha shahada, katikati ya ncha na kiungo cha kwanza. Kivutwe moja kwa moja nyuma, si kwa upande, maana mvutano wa upande ndio unaopeleka punje kushoto au kulia kwa ukaidi usioisha. Hatua ya kwanza ivutwe mara tu bastola inapofika kwenye shabaha. Hatua ya pili iongezwe polepole huku jicho likitazama kilengeo cha mbele, wala si karatasi. Mlio uje wenyewe. Mpigaji akijikuta anasema moyoni "sasa!", mkono umekwisha kusikia na kujikaza.

Sekunde kumi zikipita bila mlio, bastola ishushwe, mpigaji apumue, aanze upya. Ukaidi wa kushikilia mpaka macho yatoe machozi haujawahi kumpatia mtu alama kumi. Baada ya mlio, bastola ibaki pale pale juu kwa sekunde mbili, na mpigaji ajiulize kilengeo kilikuwa wapi wakati ule, kabla ya kuitazama karatasi. Waalimu wa mchezo huu huwapa wanafunzi wao karatasi nyeupe isiyo na duara lolote, ili wasiwe na cha kutamani isipokuwa vilengeo na kifyatulio. Mikupuo kumi katika karatasi tupu hukusanyika mara nyingi karibu karibu kuliko mikupuo kumi katika karatasi yenye kitovu cheusi, na mwanafunzi anapoziona mbili hizo zimewekwa pamoja mezani, hapo kazi ya kumfundisha huwa imeanza.